Tarehe Isiyo na Mizinga

Kaohsiung, bandarini
Mwezi wa kumi na mbili

Dada yangu Siu-tin,

Mlio ule haujanitoka. Unajua ninaousema: ganda la kombora lililotundikwa kwenye Lango la Bahari, askari akiligonga kwa kipande cha chuma kuwaita kina mama watoke kwenye mashamba ya chaza kabla lango halijafungwa. Kengele za huku huimba. Ganda lile lilikuwa likikohoa, ko, ko, ko, kama mzee mwenye kifua. Nimeanza nalo kwa sababu barua hii yote inatoka humo, nami sitaki ufike katikati ndipo useme nilikuzunguka.

Sasa nikusalimu inavyopasa. Hujambo, dada? Baba hajambo? Mguu wake unamruhusu kushuka ngazi za handaki, au bado anabaki juu na kusema mizinga ya siku hizi haina adabu? Shemeji Ah-tho na mwanenu Sio-bin hawajambo? Na mikono yako? Upepo huu wa kaskazini ukianza najua vidole vinavyopasuka, na maji ya chumvi yanavyoingia humo. Mimi ni mzima wa mwili na wa akili. Lishike sana hilo neno la pili, kwa maana watakuja watu kukwambia vingine. Anayekuletea barua hii sitamtaja jina. Ameishonea ndani ya koti lake, kwa hiyo hutaona ile gundi ya wanaozisoma barua zetu kabla yetu. Mpe uji wa viazi vitamu, uwe wa moto, wala usimuulize kitu.

Katika barua zangu za nyuma nilikuandikia habari ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma: chakula cha bweni, mtihani wa historia, mvua. Sikukueleza bahari ya huku. Ipo nyuma ya chuo chetu cha ualimu, ng'ambo ya reli, na haina ng'ambo. Kwetu tunawaona adui wakianika nguo. Huku unatazama mpaka macho yachoke na hakuna mtu. Nayo haipwi, dada. Yaani inapwa kidogo tu, kama mtu anayesogeza kiti kwa heshima kisha anakirudisha. Mwaka wa kwanza nilisimama kwenye kokoto zile nikingoja maji yaondoke yaache shamba, kama yanavyoacha kwetu, mawe yetu tunayooteshea chaza yakasimama safu kwa safu mpaka upeo wa macho. Hayakuondoka. Nilijiona mjinga, nikarudi bwenini.

Hata hivyo habari za bahari zilikuwa zimejaa chuoni kuliko maji yenyewe. Kila Jumapili wanafunzi walipewa kibali cha kwenda ufukweni hadi saa kumi, baada ya hapo askari wa pwani walifunga njia. Wasichana walikwenda na mayai yaliyochemshwa kwa chai, na mpira. Mpira ule ndio ulionichekesha. Niliwaambia wenzangu wa chumba kwamba kisiwani kwetu Kinmen mpira wa kikapu hufungiwa kwenye kabati la shule na huutoi bila kuweka sahihi, maana mtu anaweza kuukumbatia akaelea mpaka kwa adui. Lim Tsai-hoa, ambaye baba yake ni mvuvi wa mji uleule wa chuo, alianguka kitandani kwa kicheko. "Siu-gek, kwa hiyo kwenu hata mpira ni mtoro?" Tangu siku hiyo aliniita Mlinzi wa Mpira, na kila nilipopita alificha kitu nyuma ya mgongo.

Mwenzetu wa tatu, Shen Jo-ying, hakucheka. Wazazi wake walivuka kutoka bara na jeshi, yeye akiwa amebebwa mgongoni, na bibi yake akabaki ng'ambo. Mama yake humwekea bibi bakuli na vijiti kila mwaka mpya, na hajui kama anamwekea aliye hai au maiti. Jo-ying alisema kwamba angepewa uwezo angeikausha bahari kwa siku moja tu, watu wavuke kwa miguu wakaonane. Tsai-hoa akamjibu kwamba akiikausha, baba yake Tsai-hoa atakula nini siku hiyo, kokoto? Walibishana hivyo wakimenya karanga, mmoja akiiona bahari kuwa kidonda, mwingine akiiona kuwa sufuria. Waliponiuliza mimi, nilisema ni shamba. Unajua nilivyo, maneno yangu hukaa ndani mpaka yanachacha.

Mwezi wa tisa ubishi ukatoka bwenini. Wavuvi wa mji, baba yake Tsai-hoa akiwa mmoja wao, waliiomba serikali ya wilaya kwamba njia za pwani zifunguliwe na kufungwa kwa kufuata maji, si kwa kufuata saa ya ukutani, maana samaki na mwezi hawavai saa. Hawakuomba kingine. Gazeti la wilaya likaandika kwamba katika wakati wa vita bahari ni ngome, na ngome haiulizi mwezi. Wakufunzi wakabishana chumba cha chai. Mkufunzi wa jiografia alisema wavuvi wana haki, na wiki iliyofuata hakufundisha, tukaambiwa ana mafua. Kisha yakatangazwa mashindano ya hotuba ya vyuo, na mada ikawa "Bahari ni Ngome Yetu". Kila mtu alielewa kuwa ndilo jibu la wavuvi.

Mkufunzi wetu wa kijeshi, Kapteni Fan, alinichagua mimi. Chuo kizima mtoto wa Kinmen ni mimi peke yangu, niliyeingia kwa nafasi ya watoto waliouliwa mzazi na adui. Alisema mwingine ataizungumzia bahari, lakini mimi nitatoka ndani yake. Ni mtu mpole, dada, usimfikirie mwenye meno. Hotuba aliniandikia mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Ilisema Mama alikuwa akivuna chaza alfajiri ya tarehe kumi na nane ya mwezi wa nne, kombora la adui likamwangukia, na damu yake ikaingia katika bahari inayotulinda. Ilisema kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kuomba lango lifunguliwe hata nusu saa, kwa sababu mama zetu wamelilipia.

Nilimwomba aiondoe tarehe. Aliuliza kwa nini. Nilisema ni chungu. Akaniambia kwamba uchungu ndio unaoshinda. Tarehe huwafanya wasikilizaji wakae wima. Yeye ni mtu wa Taipei. Hajui lile ambalo kwetu hata mtoto wa kunyonya analijua: siku ya kwanza ya mwezi, ya tatu, ya tano, mizinga ya ng'ambo hulia, siku ya pili, ya nne, ya sita, tunaanika nguo. Tarehe kumi na nane haina mizinga. Wewe na Baba na mkuu wa kijiji mlipokubali maneno ya yule ofisa aliyekuja kuandika kifo cha Mama mlisahau kubadili siku, au yeye alisahau, na kijiji kizima kikasema ndiyo, kombora, huku kila mmoja akijua kuwa siku ile anga lilikuwa kimya kabisa.

Nilikariri. Wiki tatu nilisimama ukumbini, Kapteni Fan akiwa safu ya mwisho na kengele ndogo ya mezani, maana sheria ya mashindano ni hiyo: kengele moja, umebakiwa na dakika, kengele mbili, unanyamaza hata kama neno limo mdomoni. Tsai-hoa aliacha kuniita Mlinzi wa Mpira. Aliacha kuniita jina lolote. Siku moja tukiwa tunafua nguo alisema, bila kuniangalia, kwamba yeye haoni ubaya mtu kumlilia mama yake, ila kumlilia mama mbele ya watu ili baba wa mwenzako azuiwe kwenda baharini, huo ni ufundi mwingine. Nilikamua shati mpaka kifungo kikang'oka.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi kwenye madirisha. Mwamuzi mkuu alikuwa Kanali mmoja mstaafu anayeitwa Kuo, mwenye sikio moja lililokufa. Alikuwa anageuza kichwa kama kuku ili asikie. Wakati wa kutambulishwa walisema aliwahi kuwa na kikosi chetu Kinmen. Nilipanda hata hivyo. Nilianza vizuri. Nilisema bahari ni ngome. Nilisema sisi wa kisiwani tunalala tukiwa tumeiegemea. Kisha nikasema alfajiri ya tarehe kumi na nane ya mwezi wa nne, kombora la adui.

Kalamu ya Kanali ikasimama.

Alinyanyua kichwa akanitazama, nami nikamtazama, na katika ukumbi ule wa watu mia kadhaa tulikuwa wawili tuliojua. Nilidhani atauliza. Nilitamani aulize, dada, kama mtu mwenye mwiba anavyotamani sindano. Yeye akashusha macho, kalamu ikaendelea kuandika. Alikuwa ananipa alama.

Hapo ndipo nilipokasirika. Sikukasirika na Kapteni Fan, kwa kuwa alidanganywa akadanganya. Nilimkasirikia huyu aliyejua akaandika. Nikaona maisha yangu yote yaliyobaki: nitakuwa mwalimu, nitasimama mbele ya watoto na tarehe hiyo, na kila atakayejua atashusha macho kwa adabu. Kengele moja ikalia. Nikaiacha hotuba ya Kapteni hapo ilipokuwa.

Niliwaambia kwamba tarehe kumi na nane haina mizinga, na kwamba mwamuzi mkuu anaweza kuniunga mkono. Niliwaambia kuhusu ukungu wa siku ile, mzito kama maji ya mchele. Kwamba lango kwetu hufunguliwa na kufungwa kwa saa iliyoandikwa ubaoni na ofisa aliyelala kitandani, si kwa maji, hivyo mara nyingine kina mama huitwa shamba likiwa kavu na mara nyingine huachwa maji yakiwa kiunoni. Ganda lilipogongwa Mama alikuwa ameshafika karibu na lango. Nilikiona kikapu chake. Lakini Bibi Phang, ambaye masikio yake yaliondoka na mizinga ya ule mwaka wa mapigano makubwa, hakusikia mlio, na Mama akageuka kumfuata. Lango likafungwa nyuma yake.

Nikawaambia ulivyoshika vyuma vya lango, dada. Nilikutaja kuwa ni wewe. Ulivyomwambia yule askari, "Kaka, ni mama yetu, unamjua, jana alikupa chaza!" Naye akisema ukungu ndio wakati wa wapiga mbizi wa adui kuja, amri ni lango lisifunguliwe, akifungua anapigwa risasi yeye. Alikuwa analia. Akarudi kwenye lile ganda akaligonga, ko, ko, ko, ili angalau walioko nje wajue njia ilipo. Akawaelekeza vizuri kabisa, mpaka kwenye lango lililofungwa.

Kengele mbili zikalia. Sikunyamaza. Ikalia tena, Kapteni Fan akiipiga kwa kiganja kama mtu anayeua nzi, na jinsi alivyoipiga ndivyo nilivyopaza sauti, kwa kuwa nimekwisha kusikia kengele mbaya kuliko hiyo. Nikasema kwamba Mama alipofika langoni hakuomba. Alisema jina lake, kijiji chake, na namba ya kibali chake cha baharini, wajue kuwa si adui. Maji yalipopanda alirudia. Jina, kijiji, namba. Mimi nilikuwa upande wa ndani, nikaitaja namba ile pamoja naye mpaka ikabaki sauti yangu peke yangu. Mia mbili arobaini na saba. Niliisema ukumbini kwa sauti yake. Kisha nikasema kwamba ngome ina lango, na lango lina mtu wa kulifunga, na wavuvi wa mji huu hawaombi ngome ibomolewe, wanaomba saa. Nikainama, nikashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Ila nilisikia mguu mmoja ukigonga sakafu, taratibu, na nilijua ni wa Tsai-hoa kwa sababu viatu vyake vya mbao vina mlio wake. Jo-ying naye akaanza. Wasichana wa safu yetu wakafuata, mpaka wakuu wakasimama na miguu ikakoma.

Waliniketisha ofisini kwa Kapteni Fan mchana kutwa. Kanali Kuo aliingia, akageuza kichwa kuelekeza sikio zima, akaniuliza jambo moja: yule askari aliendelea kugonga mpaka lini? Nikamwambia mpaka maji yaliposhuka tena. Kisha akamwambia Kapteni kwamba binti huyu ni mgonjwa, msiba wa mama umempanda kichwani, jambo hilo hutokea. Aandike kuwa aliugua jukwaani, apumzike wiki mbili, arudi darasani, nafasi yake ibaki. Kapteni Fan alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Alinitilia chai kwa mkono wake. Aliniambia, "Tung Siu-gek, unaona jinsi Kanali alivyokuhurumia? Sema tu ulikuwa na homa."

Ilikuwa huruma kweli, dada. Najua kwamba wengine kwa maneno machache kuliko yangu wamepelekwa mahali ambapo barua haziendi. Niliitazama ile chai. Nikafikiri kwamba Mama walimpa kombora, na mimi wananipa homa, na ni mkono uleule wenye upole uleule. Nikasema sina homa. Nikamwomba Kapteni anishike paji la uso ahakikishe. Hakunishika.

Sasa nafika kwako, na hapa kalamu ni nzito. Kiti kile cha chuoni ulininunulia wewe. Wewe ndiye uliyesema kombora, mbele ya ofisa, mkono wako ukiwa bado na mikwaruzo ya vyuma vya lango, ili mimi nivuke kwa jina la mtoto wa aliyeuawa na adui, nisome, niwe mwalimu, nisipasuke vidole. Jioni ile uliniambia maneno ambayo nimeyabeba kama hirizi: "Wafu hawali. Wewe ule." Nimekula, dada. Nimekula miaka miwili na kila tonge lilikuwa na mchanga. Sikushukuru kidogo, nilishukuru mpaka nikashindwa kupumua. Lakini hukuniambia kwamba ningelipia kwa kumuua Mama upya, kila mwaka, kwa kombora ambalo hakufa kwalo. Na sasa nimesimama mbele za watu nikaonyesha kwamba dada yangu alidanganya kwa sababu alibanwa. Ukinikasirikia, kasirika. Ukinipiga kofi nikishuka melini, nitakupa na shavu la pili. Samahani sitaomba, kwa sababu nikiiomba nitakuwa nimesema kwamba ningenyamaza.

Tsai-hoa alinisindikiza kituo cha reli na mfuko wa samaki wakavu kutoka kwa baba yake. Wavuvi hawajajibiwa ombi lao. Mkufunzi wa jiografia bado ana mafua. Lakini Tsai-hoa anasema sokoni watu wanaulizana tarehe: kila mtu akisikia habari ya vita anauliza, ilikuwa siku ya ngapi? Aliponikabidhi mfuko alisema, "Haya, Mlinzi wa Mpira, nenda. Ukirudi, mpira wako nimekuwekea." Nikacheka mpaka mtu wa tiketi akageuka.

Nisalimie Baba. Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na watu, na umwambie akiwa amekaa. Nisalimie Shemeji, na Sio-bin umwambie mama yake mdogo anakuja na peremende za tangawizi. Nisalimie kina mama wote wa safu ya mawe yetu, na kaburini kwa Bibi Phang, ambaye naye hakurudi siku ile, uchome ubani kwa niaba yangu. Meli ya leo, hii Mdomo-Wazi yetu ya jeshi inayofunguka mbele, imejaa askari, na mimi nimewekwa kwenye ya pili. Sijui nitakayemkuta gatini, wewe au watu wenye karatasi. Ukiniona, njoo. Usiponiona, usijifiche, simama palepale uulize kwa sauti nimepelekwa wapi, na usome jina langu na kijiji changu. Zamani ningekwambia uichome barua hii. Usiichome.

Nafasi ya watoto wa waliouliwa nimeirudisha mwenyewe, kabla ya wao kuninyang'anya. Kofia, beji na kitambulisho niliviweka mezani kwa Kapteni Fan kando ya ile chai iliyopoa. Jana asubuhi nilikwenda ofisi ya wasafiri wa Kinmen hapa bandarini nikaomba kibali cha kuvuna chaza. Karani alinicheka: "Wasichana wa kwenu wote wanaomba kutoka, wewe unaomba kuingia?" Nikamwambia ndiyo, kuingia, kwa Lango la Bahari, pamoja na dada yangu, na siku ganda litakapogongwa kabla ya wakati wa maji nitakuwa wa mwisho kutoka, mguu wangu mmoja ukiwa ndani ya lango mpaka kila mama apite. Aliuliza nataka namba yoyote iliyo wazi? Nikamwambia hapana, ipo moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichukua kwa miaka mitatu. Alipekua, akaiona, akanitazama, akapiga muhuri. Ninayo mfukoni ninapoandika haya: mia mbili arobaini na saba.

Mdogo wako asiye na homa,
Tung Siu-gek